Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunona

BUSIA, 1966 – Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Alaso anavuka mpaka kuingia Kenya, kikapu cha mayai kichwani. Ameyalaza ndani ya makapi ya wimbi. Askari anamwuliza amebeba nini.

"Mayai tu, afande. Hata moja haijavunjika."

Mama huyu wa Kiteso ameuza mayai miaka minane. Ajabu ni kwamba hajawahi kuonja hata moja. Kwao yai na kuku ni vya wanaume. Mwanamke akivila, husemwa kwamba hatazaa.

Basi bintiye Apolot, wa miaka miwili, alilelewa kwa uji wa muhogo mtupu. Mashavu yakajaa, miguu ikawa mizito. Majirani wakamwaga sifa.

"Walisema mtoto amenona," anakumbuka Alaso. "Na mimi nilifurahi. Jameni, nilifurahi!"

Aliyeshtuka ni mteja wake wa upande wa Kenya, Wilkister, alipoona nywele za mtoto zimegeuka nyekundu. Aliwaongoza mpaka zahanati bila kungoja mjadala.

Muuguzi Peninah aliubonyeza mguu wa Apolot kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Mama, hii si nyama, ni maji. Mtoto wako ana njaa."

"Njaa? Anakula mpaka anashiba!"

"Anashiba muhogo. Dawa yake unamuuzia Wilkister kila siku."

"Dawa gani?"

Peninah akaonyesha kikapu.

Alaso anasema alikaa sakafuni. Hata mimi mwandishi, niliyekwenda kuandika tu, nilipigwa na butwaa aliponisimulia. Chakula kizuri kinapita mlangoni pa mtoto, kinakwenda sokoni!

Jioni hiyo alimchemshia Apolot yai. Mama mkwe wake, Amulen, alitoka jikoni kwa hasira.

"Alisema naua uzazi ya mjukuu wake. Nikamwambia, mama, kwanza akuwe hai."

Uvimbe umeshuka. Apolot, aliyekuwa amenyamaza kama mgeni, sasa analia kwa sauti ya kukera nyumba nzima. Nyuma ya jiko Alaso amepanda maharagwe na karanga, na ameapa kwamba hata punje moja haitafika sokoni.

Lakini yeye mwenyewe ni mjamzito, na yai bado hajathubutu kulila.

"Naogopa, nisikudanganye," anasema, akishika tumbo. "Lakini Jumapili nachemsha mbili, ya Apolot na ya mimi. Mama mkwe akae hapo hapo, aangalie vile nameza."