Paka Niliyemfungulia Zizini

Paka yule aliletwa kwangu ndani ya kapu la ulezi, mdomo wa kapu ukiwa umeshonwa kwa kamba ya katani. Aliyemleta alikuwa mjane mzee, jirani wa shule niliyokuwa nikifundisha katika milima ya Tarime, miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu, na tayari nilikuwa nimejipatia sifa niliyoiona kuwa heshima: kwamba sikubali jambo ambalo msemaji wake hakuliona kwa macho yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea asiyetakiwa."

Alikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, kapu likiwa magotini, akanieleza bila kulia. Mumewe alikuwa amefariki, kisha ndama wake wakafa kwa ndigana, homa ya kupe, mmoja baada ya mwingine, na watu wakaanza kusema kwamba paka wake hutoka na wachawi na kurudi na mikosi. Mtu mmoja alikuwa amempiga paka huyo kwa fimbo hadi mkia ukapinda. Sasa binti yake, aliyeolewa upande wa Sirari, alikuwa anamchukua mama akamtunze, kwa maana kifua chake kilikuwa kibovu. Mkwe alikuwa amekubali kumpokea mama. Kumpokea paka alikataa.

"Nikimwacha nyuma watamuua," alisema. "Mtafutie nyumba."

"Kwa nini umeniletea mimi?"

"Kwa sababu watu wote wanasema wewe husikilizi watu."

Sikucheka, ingawa yeye alitabasamu kidogo. Kisha akanipa maagizo, nami nayaandika hapa kama alivyoyatamka. Paka huyo alizaliwa ndani ya nyumba yake, karibu na meko, wakati yeye akisukasuka maziwa kwenye kibuyu ili apate siagi. Tangu hapo sauti ya kibuyu ndiyo pekee iliyomtoa mafichoni. Popote nitakapompeleka, nimfungulie ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, na mwanamke awe anasukasuka kibuyu.

"Ukimfungulia nje, mbele ya wanaume," alisema, "hutamwona tena."

Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni niliyaweka maneno hayo kwenye fungu moja na ya wachawi.

Paka aliishi kwangu majuma matatu, na katika muda huo sikumgusa hata mara moja. Alipanda juu ya boriti, akajibana pembeni palipo giza, na kutoka pale nikawa naona macho tu. Alikula nilipokuwa darasani. Nikirudi mapema nilikuta sahani ikiwa nusu, na vumbi la paa likianguka polepole mahali alipopita. Wakati mwingine, nikisahihisha madaftari, nilihisi ananitazama. Nikiinua kichwa, alikuwa ameshajificha. Sijawahi kuishi na kiumbe aliyeniogopa kiasi kile bila mimi kumkosea.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. "Shule hii ina panya," alisema. "Haina paka, na itabaki hivyo. Wazazi wamekuja."

"Wamekuja na ushahidi gani, mwalimu?"

"Wamekuja na watoto wao, wanataka kuwaondoa. Shule ikifungwa kwa likizo, ondoka naye."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikitafuta wa kumpokea. Kila aliyekataa nilimuuliza aliona nini. Mmoja alisema alisikia kwa shemeji yake. Shemeji alisikia kwenye pombe. Niliyemfuata huko kwenye pombe alinijibu, "Mwalimu, kama kila mtu anasema, wewe unataka aseme nani tena? Paka mwenyewe?" Watu wakacheka sana, nami nikaondoka nikiwa na hasira ya mtu aliyeshinda hoja na kukosa kila kitu kingine.

Ndipo nilipomwandikia mjomba wangu, ndugu ya mama yangu, huko Ringwani, ng'ambo ya Mto Mara. Nilijua ghala lake la ulezi limeingiliwa na panya. Jibu lake lilikuja kupitia mfanyabiashara wa ng'ombe: nimlete, lakini habari za paka wa Tarime zilikuwa zimemfikia. Hakutaka aingizwe kwa siri. Mnyama anayeingia kwake huingia kwa lango la zizi, wazee wa jirani wakiona, ili baadaye mtu asiseme kimeingizwa kitu usiku. Ndivyo ng'ombe wa mahari walivyopokewa pale, na ndivyo angepokewa paka.

Sharti hilo lilinifurahisha. Niliona ni jambo la uwazi na la haki. Nilitaka wazee wale waone paka wa kawaida tu, mdogo, mwenye mkia uliopinda, ili uzushi ufe mbele ya macho yao. Sikumfikiria paka katika hayo yote. Nilifikiria hoja.

Kumkamata tu kulinichukua asubuhi nzima, na alama za kucha zake zilibaki kwenye mkono wangu muda mrefu. Tulisafiri siku mbili, sehemu kwa lori na sehemu kubwa kwa miguu, tukavuka mto kwa mtumbwi. Ndani ya kapu hakulia. Uzito wake ulihamia upande wa chini na kukaa hapo, ukitetemeka. Nilipoweka kiganja nje ya kapu nilihisi tetemeko hilo likipita kwenye ukindu. Nilisema naye kidogo njiani. Sauti yangu ilimzidishia hofu, nikanyamaza.

Tulifika alasiri. Wazee wanne walikuwa wameketi kwenye vigoda kando ya zizi, na mjomba alisimama langoni akiwa na fimbo yake.

"Shikamoo, mjomba. Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mpwa wangu. Mwanafunzi wako huyo, amefaulu?"

"Atafaulu kwa panya," nilijibu.

"Tarime wanatutumia wachawi wao siku hizi kwa kapu," alisema mzee mmoja, na wenzake wakacheka. "Mfungue tumwone kama ana miguu minne."

Sasa niseme kile nilichokiona, maana hapa siwezi kumsingizia mwingine. Mke wa mjomba alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyumba yake, hatua kama ishirini kutoka langoni, kibuyu kikiwa pajani, akisukasuka maziwa. Ilikuwa saa yake ya kazi hiyo. Sauti ilifika tulipokuwa, nzito na ya kufuatana. Ndani ya kapu, tetemeko lilikoma. Kupitia upenyo wa ukindu niliona sikio likisimama na kugeukia upande wa nyumba.

Niliona. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, "Mjomba, niruhusu nimpeleke ndani kwanza." Mke wa mjomba mwenyewe aliita, "Mwalimu, mlete huku, huyo amechoka!" Lakini wazee walikuwa wanasubiri, na kumwingiza nyumbani kabla hawajamwona kungeonekana kama kuficha. Nikakata kamba, nikalilaza kapu chini katikati ya zizi.

Alitoka akiwa amejibana tumbo chini. Alisimama akitazama miguu ya wanaume. Mzee aliyetania aliinua fimbo yake, si kwa kupiga. Alitaka kuonyesha mkia. Paka aliruka kabla fimbo haijafika juu. Mbwa wakaamka. Alipita chini ya uzio wa miiba upande wa nyuma, mahali ambapo mimi nisingepitisha hata mkono, na sauti ya mbwa ikaenda mbali na kupotea vichakani.

"Basi," mjomba alisema. "Watu wameona."

Nilimtafuta siku nne. Mke wa mjomba alizunguka nami na kibuyu chake, akakisukasuka kwenye vichaka kama mtu aliyerukwa na akili, wala hakunilaumu. Alipochoka alikibadilisha mkono tu. Hatukupata hata unyayo.

Katika siku hizo nne nilielewa kosa langu, nalo halikuwa la bahati mbaya. Nilikuwa nimejifunza kukataa uvumi, na hilo silijutii hata leo. Lakini maneno ya mjane hayakuwa uvumi. Alikuwa ameishi na mnyama yule tangu kuzaliwa kwake, akasema alichokiona. Alikuwa shahidi bora kuliko wote niliowahoji, nami nikamtupa pamoja na walevi kwa sababu alikuwa mwanamke mzee asiyesoma, na kibuyu chake hakikuwemo katika vitabu vyangu.

Nilikwenda Sirari kabla shule hazijafunguliwa. Ningeweza kuandika barua. Niliona ni uoga. Mjane alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na ukuta, amekonda, akipumua kwa shida. Alinitambua kwa sauti.

"Analala wapi, mwalimu?"

Nilimweleza yote, hata sikio. Binti yake, aliyekuwa akikoroga uji, aliacha mwiko ndani ya chungu akanitazama. Mjane hakunikemea. Aliuliza:

"Uzio aliopita, unatazama wapi? Mtoni, au porini?"

Nilijua kwa nini anauliza. Mtoni ni upande wa kaskazini, njia ya kurudi Tarime. Porini ni kusini, kwenye mbuga za Serengeti, ambako paka hamalizi siku nyingi.

"Porini, mama."

Alifunga macho. "Basi hakuwa anarudi kwangu," alisema. "Alikuwa anakimbia tu."

Binti alimimina uji kwenye kibakuli, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa. Ulikuwa wa moto mno. Niliunywa wote, polepole, kwa sababu sikujua namna ya kuinuka na kuondoka.