Mwenye nyumba wangu aliitia tindikali kadi yangu ya kuingilia seva, na aliyempa sababu ni mimi

Chhhhhh.

Wakuu, salaam. Naanza na sauti hiyo kwa sababu kwangu mimi mambo yote yalianzia hapo. Ilikuwa sauti ya kitu kinachochemka bila moto, nayo ilitoka uani kwa mwenye nyumba wangu, Bomani, Tarime, alasiri ya Alhamisi moja.

Ninayoeleza yamenitokea. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi yenye heshima zaidi.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nilikuwa nakusanya taarifa za maji ya visima huko Kisaka na vijiji vya jirani, ambako rashi ya dhahabu, yaani mbio za wachimbaji, ilikuwa imefumuka na watu wakaanza kuoshea mawe yao hatua chache kutoka kwenye maji ya kunywa. Miezi minane, nyumba kwa nyumba.

Kila jioni niliingiza taarifa moja kwa moja kwenye seva ya chuo, Mwanza. Kwenye laptop sikubakiza kitu, kwa kuwa zilikuwa na majina ya watu na maradhi yao, na laptop huibwa. Najua mnachotaka kuniuliza. Vuteni subira.

Seva hiyo sikuiingia kwa password kama binadamu wa kawaida. La hasha.

Nilitumia smart card: kadi ya plastiki yenye kile kipande cha rangi ya dhahabu, ambacho ndani yake hukaa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu kupita kiasi. Unachomeka kadi kwenye kifaa cha kusomea, unaweka PIN, seva inauliza swali, kadi inajibu ikiwa humo humo. Namba yenyewe haitoki kamwe. Mwizi hawezi kuinakili, kirusi hakiwezi, na hata mimi mwenyewe siwezi.

Nilijipenda sana kwa hilo.

Admin wa seva, mtu mpole aitwaye Frank, alinishauri mara mbili nisajili kadi ya pili ya akiba. Nilimjibu kwa barua pepe ya kurasa mbili, yenye vichwa vidogo vya habari, nikimweleza kwamba kadi mbili ni milango miwili. Kisha nikamwomba afunge kabisa njia ya password kwenye akaunti yangu. Alifunga, hakujibu hoja. Nikahesabu kuwa nimeshinda mjadala.

Sasa mwenye nyumba. Tata Marwa, kama Wakurya wanavyomwita mzee wa rika la baba, ni mchomaji wa dhahabu, huisafisha kwa moto na tindikali hapo hapo uani. Maisha yake yote ametoa kitu ndani ya kitu: dhahabu ndani ya mawe, zebaki ndani ya dhahabu, ukweli ndani ya wauzaji.

Jumatano tukila ugali wa udaga, ule wa muhogo, aliiona kadi shingoni mwangu.

"Dokta, hiyo ni dhahabu?"

"Ni dhahabu, Tata, ila utando mwembamba tu."

"Na chini yake?"

Mhadhiri aliyemo ndani yangu akaamka. Nikamweleza kuwa chini yake kuna namba ya siri, na hakuna mtu anayeweza kuitoa.

"Hakuna?"

"Hakuna, Tata. Dunia nzima."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akamaliza tonge lake taratibu. "Ninyi watu wa chuo mnapenda sana hilo neno, hakuna."

Ningeishia hapo, nisingekuwa mimi. Nikaongeza kwamba seva ile ilikuwa ya mradi uliokwisha, kwamba ingefutwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na kwamba bila namba hiyo nisingeweza kuhamisha taarifa zangu. Miezi minane ingepotea. Mzee akanihurumia kwa dhati. Huruma yake ndiyo iliyoniponza.

Alhamisi niliiacha kadi kwenye meza ya barazani, nikaenda kuoga.

Chhhhhh.

Nilitoka nikiwa na povu masikioni. Tata Marwa alikuwa amevaa glavu, ameinamia bakuli la kioo linalotoa moshi wa kahawia.

"Tata, unafanya nini?"

"Tulia, mwanangu. Nimekubandulia. Dhahabu yako hii hapa, sijachukua hata chembe." Akaninyooshea kikaratasi chenye kitu kama gamba la dagaa. "Haya, soma namba yako kabla hawajafunga."

"Niisome wapi?"

"Si iko chini? Kama vocha! Mimi nimekwangua, wewe soma."

"Tata, haijaandikwa."

"Haijaandikwa? Sasa namba isiyoandikwa inakaaje mahali?"

Wakuu, nina shahada moja na nusu. Nikainama kuchungulia bakuli.

Akanitazama usoni, kisha akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Nimekuharibia?"

Mtu mwenye akili timamu angempigia Frank dakika hiyo. Mimi niliandika rasimu saba za maneno ya kumwambia. Ya tatu ilisema "kadi imepatwa na hitilafu ya kikemikali." Ya tano ilikuwa na marejeo. Kumwomba anihamishie taarifa yeye hakukuwezekana, maana kibali cha utafiti kilikataza mtu mwingine yeyote kufungua majina yale.

Somo nalitoa hapa, kwa kuwa mwisho wa uzi huu si wa kunisifu.

Teknolojia ilifanya kazi bila dosari. Siri haikutoka, hata kwa tindikali. Aliyefungiwa nje ni mwenye siri mwenyewe, basi. Sajilini kadi mbili, na ya pili isilale chini ya paa moja na ya kwanza. Na mtu ambaye kazi yake ni kutoa vitu msimwambie kuna kitu hakitoki.

Taarifa ninazo, hivyo msinipe pole. Wataalamu, karibuni mniambie ninyi kadi ya akiba mnaiweka wapi mkiwa field. Mzee msimtukane.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Tata Marwa alinikuta mlangoni nimeshika simu.

"Huyo mtu yuko Mwanza?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi ngumi yake haifiki huku. Piga."

Nikapiga.

"Frank, kadi yangu imekufa. Ya akiba sina."

Hakucheka. Ningefurahi angecheka.

"Nakusajilia mpya. Ila kwa simu siwezi kujua kama ni wewe."

"Sauti yangu unaijua!"

"Mwizi naye angesema hivyo hivyo. Njoo na kitambulisho. Uko stendi?"

"Niko chumbani. Frank, naomba kwanza nikueleze..."

"Utaeleza ukifika, dada. Magari yanaondoka."