Mikorosho Juu ya Tuta

Bwawa langu liko kwenye vilima vya Kipatimu. Si kubwa, lakini ni langu. Nilizuia kijito kwa tuta la udongo, nikapata maji ya kumwagilia nyanya na mchicha kiangazi kizima. Tuta lilipokamilika nikafanya afanyalo mtu wa kwetu akitaka kusema hapa ni pangu: nikapanda mikorosho mitano juu yake, kwa mstari. Karatasi hugombaniwa, mkorosho hauna mjadala. Bwana shamba alinionya kwamba mizizi itatoboa tuta, nami nikamwona mwoga.

Ikakua, ikazaa. Nilijivuna, sikufichi. Hata maji yalipoanza kuchuruzika chini ya tuta, upande wa nyumba ya mdogo wangu, nikasema Mungu ameniongezea chemchemi. Mkewe, wifi yangu, akawa anafulia pale nguo za wanawe wanne.

Asubuhi moja akanijia na ndoo, hata salamu hakunipa.

"Wifi, mvua hainyeshi. Matope haya yanatoka wapi?"

Nikachungulia ndooni. Maji yalikuwa na rangi ya tuta langu. Maji yakitoka na udongo, yanakula tuta kwa ndani, na siku likipasuka, mlango wa kwanza ni wa wale watoto.

Siku hiyohiyo nikauchimba mfereji wa pembeni, ule wa kutolea maji yanayozidi, ukawa chini zaidi, bwawa likapungua. Kisha nikashika shoka. Kukata mkorosho wenye maua! Majirani walisema nimerogwa. Nilikata huku nalia, kwa uchungu na kwa hasira juu ya kichwa changu kigumu. Visiki hatukuviacha, mimi na wifi; tulichimba na mizizi yote, na kando ya mzizi mmoja tukakuta tundu lililomeza mkono wangu hadi kiwiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi ufa niliupanda, nikaumwagilia.

Tukajaza udongo wa kichuguu, tabaka kwa tabaka, tukiulowesha na kuushindilia. Wanawake walikuja na michi ya vinu vyao, wakatwanga kwa nyimbo na utani.

"Twanga, wifi!" mke wa mdogo wangu alinipigia kelele. "Huo si mhogo, huo ni uhai wetu."

Masika yalikuja kwa hasira. Bwawa likajaa mpaka mfereji wa pembeni ukanguruma. Mvua ilipopumzika siku ya tatu, nikashuka chini ya tuta miguu peku, nikapapasa udongo kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale palipokuwa na chemchemi yangu palikuwa pakavu. Nikapiga kigelegele peke yangu, nikakirudia.

Wifi akatokea, beseni la nguo kichwani, akasimama akipaangalia.

"Chemchemi yako imekufa. Sasa mimi nitafulia wapi?"

Sijawahi kulaumiwa nikafurahi kiasi kile. Nikampokea beseni, nikatangulia kupanda tuta kwenda bwawani, na wale watoto wanne wakatufuata wakikimbia juu yake.