Lori la Baba Kwenye Simu Yangu

Tajiri wa baba alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nimelala chali chini ya gari la mteja, karakana kwetu Nyasubi, mjini Kahama, natafuta waya uliokatika. Akaniambia mgodi umetoa amri mpya. Lori lisilo na GPS, kamera ya dereva na kipimo cha mafuta ndani ya tenki halitavuka tena geti lao kule Geita.

"Malori yangu unayajua," akasema. "Yote wazee. Mapya sina uwezo nayo. Unaweza kuwatia akili wazee hawa?"

Nikamwambia naweza. Nilisomea umeme wa magari, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikifunga vifaa vya aina hiyo. Lakini nilipokata simu nilibaki palepale chini ya gari kwa muda, kwa sababu lori moja kati ya hayo lilikuwa la baba.

Nasema la baba, ingawa halikuwa lake. Alikuwa akiliendesha tangu niko darasa la tatu, na nyumbani kwetu Ngokolo, pale Shinyanga mjini, hakuna aliyeliita kwa jina jingine. Alipakia mchele na unga Kahama, akapeleka kwenye jiko la mgodi, akarudi baada ya siku nne, tano, wakati mwingine kumi. Alikuja na mananasi, akalala, akaoga, akatuuliza tuko darasa la ngapi, na tulipoamka siku ya pili hayupo. Hapo katikati hatukuwa na habari zake. Mama alikuwa akisonga ugali wa kumtosha mtu mmoja zaidi kila jioni. Asubuhi tuliula kiporo na chai, na sikumbuki siku ambayo mtu alisema kwa nini ulibaki.

Kwa hiyo nilikua na hamu ya baba ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka. Wenzangu walikuwa wakigombezwa na baba zao, mimi nikawaonea wivu.

Baba alilileta lori mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba, mayu." Hivyo ndivyo alivyoniita mimi bintiye akiwa na furaha, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Lakini nilipofungua dashibodi na kuanza kuvuta nyaya nje, furaha ilimwisha. Lori lile lilitengenezwa kabla magari hayajawekewa kompyuta, kwa hiyo ilinibidi nitafute kila kitu kwa mkono: moto unatoka wapi, swichi inapokea wapi, fyuzi ipi bado nzima. Nilikuta nyaya alizounga yeye mwenyewe miaka ya nyuma, amezifunga kwa mpira wa tyubu uliokatwa vizuri kama utepe. Nilizikata. Alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

Nilipotoboa tenki aligeuka akaenda kunywa chai. Alirudi nikiwa nabandika kamera kwenye kioo.

"Hii inanitazama mimi au inatazama barabara?"

"Wewe, baba. Ukisinzia inapiga kelele."

"Miaka yote hii nimesinzia lini?"

"Ni amri ya mgodi."

"Sijauliza amri ni ya nani," akasema, akapanda, akawasha lori, na kamera ikampigia kelele papo hapo kwa sababu hakuwa amefunga mkanda.

Tajiri ni mtu mzima, simu kubwa zinamchosha. Akaniomba programu ya kufuatilia magari ikae kwangu, niwe namtumia taarifa fupi kila jioni. Ndipo nilipoanza kumwona baba. Alikuwa nukta ya bluu kwenye ramani. Ikitoka Kahama nilijua, ikipita Masumbwe nilijua, ikifika Ushirombo, Runzewe, Katoro, nilijua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu angeniuliza baba yako yuko wapi, ningemjibu. Nilikuwa nikiuza vipuri kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Nilimpigia mama Ngokolo nikamwambia, "Sasa hivi yuko Katoro, anashuka mteremko," na mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Baada ya wiki kama tatu niliona jambo. Kila safari ya kwenda, jua likianza kushuka, nukta ilisimama mahali pamoja kati ya Masumbwe na Ushirombo. Ilikaa pale mpaka jua lizame, ndipo iondoke. Ramani haikuonyesha kijiji wala kituo cha mafuta. Na kabla ya kusimama, kamera ilikuwa imetuma taarifa mfululizo: macho yamefumbwa, macho yamefumbwa.

Tajiri aliniuliza, "Mzee analala barabarani?"

"Amechoka tu, nitaongea naye," nikajibu. Lakini sikuwa nafikiria uchovu. Nilikuwa nafikiria nyumba ndogo ya bati pembeni ya barabara, mwanamke, pengine na watoto wanaonizidi kwa kumjua. Nilifikiria ule ugali wa mama. Nikakasirika hasira ya miaka yote kwa siku moja.

Safari iliyofuata niliazima pikipiki ya fundi mwenzangu, nikaondoka Kahama baada ya lori. Nililikuta limesimama pembeni, upande wenye mashamba ya mihogo. Hakukuwa na nyumba. Hakukuwa na mtu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, na baba amekaa kwenye kiti chake, amejifunika uso kwa taulo.

"Baba."

Alishtuka, akaondoa taulo. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumtambua mtoto wako.

"Ni wewe, mayu? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Hapa unafanya nini?"

Barabara ile kuanzia pale inaelekea machweo, na jua lilikuwa mbele yetu, kubwa, limejaa kwenye kioo chote cha lori.

"Nasubiri lizame," akasema. "Likiwa mbele sioni. Naona weupe kama maziwa tu. Nikikaza macho, kidude chako kinadhani nimelala." Akakionyesha kwa kidevu. "Likishazama bado kuna mwanga kidogo, natembea polepole mpaka Runzewe, nalala. Asubuhi naondoka jua likishapanda juu, nafika Geita vizuri."

"Tangu lini?"

"Huu ni msimu wa pili wa mpunga."

Niliona aibu kwa yale niliyokuja nayo moyoni, na aibu hiyo haikunizuia kulia. Baba alidhani nalilia macho yake. Akaniambia ni utando tu, mtoto wa jicho, watu wanafanyiwa operesheni wanapona, yeye anasubiri msimu uishe kwanza. Halafu akasema neno ambalo baba yangu hakuwahi kuniambia tangu nizaliwe. Akasema, "Naomba." Naomba usimwambie tajiri. Taarifa zinapita kwako, andika amepumzika.

Ningeweza kuandika hivyo. Nakiri kwamba pale kwenye majani nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno.

Jua lilipozama nilimwambia anifuate. Mimi ningetangulia na pikipiki, yeye aitazame taa yangu ya nyuma mpaka Ushirombo. Tukaondoka hivyo, polepole, mimi mbele na lile lori zee nyuma yangu limejaa mchele, na kwa kitambo nilikuwa na furaha ya ajabu. Sikuwahi kusafiri na baba. Nilikuwa naongoza njia yake, na yeye ananifuata.

Kisha mbele yangu akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, yuko ndani ya barabara kabisa. Nilikanyaga breki nikainua mkono. Nyuma yangu nilisikia matairi yanalia. Sikugeuka kutazama. Niliitupa pikipiki kwenye majani na mimi mwenyewe nikaanguka nayo, na nilipoinua kichwa lori lilikuwa limesimama mahali nilipokuwa mimi. Mwenye mkaa alitutukana akaendelea na safari yake.

Baba alishuka. Alikuja huku ameshika ubavu wa lori kama mtu anayetembea gizani, akanipapasa mabega, kichwa, mikono.

"Taa niliiona," alikuwa akisema. "Taa niliiona. Mkono sikuuona."

Alikaa chini pale kwenye majani. Baadaye akatoa simu yake, akanipa nimtafutie namba ya tajiri, kwa sababu hata hiyo alikuwa haisomi tena. Alimwambia mwenyewe. Hakusingizia uchovu, hakulisingizia gari. Alisema, "Sioni, bosi wangu. Leo nimetaka kumuua mwanangu. Tuma mtu aje achukue gari."

Nikamsikia tajiri akisema, "Mzee mwenzangu, si ungeniambia mapema?" Alimtuma dereva mwingine kutoka Kahama. Tulimsubiri pale pale. Baba alimpa ufunguo, akamweleza gia ya tatu inavyokataa, na jinsi ya kuibembeleza. Kisha akapanda nyuma yangu kwenye pikipiki, akanishika kiunoni, tukarudi Kahama.

Madaktari wa macho Shinyanga walikuwa na orodha ndefu, akaambiwa asubiri kama miezi miwili. Akakaa Ngokolo, kwenye kiti cha plastiki uani. Mama aliniambia alikuwa hajui afanye nini na mtu anayekaa nyumbani mchana kutwa. Akimletea maji, baba anashukuru kama mgeni.

Jioni ya kwanza alinipigia simu. "Liko wapi?"

Nikajua analisema lori. Nikafungua ramani. "Limepita Masumbwe."

"Anakwenda kasi gani?"

"Sitini."

"Sitini pale? Mwambie apunguze, kuna tuta baada ya daraja, halina alama."

Ikawa kila jioni. Nilifunga karakana, nikaketi kwenye benchi la nje, na kumsomea baba barabara. Mimi nilimpa majina na kasi, yeye akanipa yaliyobaki. Nikisema Katoro, ananieleza mama muuza samaki aliyemkopesha chakula mwaka ambao nilikuwa nalipiwa ada ya chuo. Nikisema limesimama Runzewe, ananieleza alivyougua malaria ndani ya kabini siku tatu, akawa anaota tunamgongea mlango. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Ningefika nyumbani nizungumze malaria? Nilikuwa na usiku mmoja wa kuwatazama." Wakati mwingine simu ilikuwa inanyamaza, nasikia kuku wa mama na pumzi yake tu, na wala hakati. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne. Kila jioni nilikuwa nangoja saa ile kama ninavyodhani watoto wengine walivyokuwa wakingoja baba zao watoke kazini.

Operesheni ilikwenda vizuri, jicho moja, kisha la pili. Nilikuwepo alipofunguliwa bandeji ya mwisho. Alinitazama akasema, "Kumbe una mvi," na sote tukacheka, na mama naye akatazamwa, akajifunika uso kwa kanga kama bibi harusi.

Tajiri hakumrudisha barabarani. Alimwambia kwa heshima kwamba umri umeenda, na mgodi nao una masharti. Baba hakubisha. Mimi nikafikiri nitamfurahisha: nikamnunulia simu kubwa, nikamwekea programu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Aliishika kwa mikono miwili na macho yake mapya, akaitazama ile nukta ya bluu inavyosogea kuelekea Geita.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, baba."

Akaitazama tena. "Nilidhani nitaliona lori," akasema, akanirudishia.

Sasa ana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba na anakwenda kucheza bao mtaa wa pili. Ana afya. Mama amenenepa. Mimi naendelea kufunga vifaa kwenye malori ya watu, na lori lile bado nalifuatilia, limebadilishwa dereva mara mbili. Jioni nikifunga karakana nakaa kwenye benchi dakika kadhaa, simu mkononi, ramani imefunguka. Simu haiiti. Nikipiga mimi, anapokea haraka, ananijulia hali, anauliza kazi inaendaje, mvua zimenyesha huko Kahama au bado. Halafu anasema, "Haya, ongea na mama yako," na kabla sijasema liko Masumbwe, simu imeshashikwa na mama.