Walivyomtoa Rukia Kwenye Wimbo

Kila mwaka baridi inapoanza hapa Texas na Mama akawasha hita kwa mara ya kwanza, nyumba nzima hunuka vumbi linaloungua. Ndugu zangu hulalamika na kufungua madirisha. Mimi huenda nikasimama karibu na tundu linalopuliza hewa ya moto nikavuta pumzi, maana hiyo ndiyo harufu ya amplifaya ya Babu.

Babu, baba yake Mama, aliinunua kwa jirani yetu wa Grand Prairie aliyekuwa akiuza vitu vyake vikuukuu mbele ya nyumba. Akapewa pia gita la umeme lililopungua waya mmoja. Ilikuwa mwaka 2018, nami nina miaka kumi. Baba akiondoka na lori lake, Babu alikuwa akifunga mlango wa gereji, kwa kumwonea haya mkwewe, akawasha amplifaya na kungoja ipate moto mpaka lile vumbi la ndani lianze kunuka. Hapo ndipo alipopiga, kwa sauti ndogo. Msikilizaji wake nilikuwa mimi peke yangu, nimekaa juu ya ndoo ya rangi.

Mngemwona na kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, na dawa za presha mfukoni, msingeamini. Miaka ya sitini huko Mombasa, Babu alikuwa kijana wa suruali za kubana na viatu vya ncha, akipiga twisti na roki katika mahoteli ya watalii. Yeye na wenzake watatu waliimba nyimbo za Kizungu ambazo, kwa kauli yake mwenyewe, maneno nusu walikuwa wakibuni tu. Kisha akatunga wimbo wa Kiswahili, akauimbia msichana wa mtaa wa pili: "Rukia usilale, gita bado lalia." Santuri ikatoka, redio ikaupiga, mji mzima ukaucheza. Rukia huyo ndiye Bibi yangu.

Halafu akaacha. Akaliuza gita, akawa fundi wa redio. Alinisimulia kwamba siku moja, redio ya mteja ilipopona tu, ukatoka wimbo wake mwenyewe. Mteja akauliza, "Wimbo mtamu huu, wa nani?" Babu akajibu hajui, akamkabidhi redio yake. Nilipomuuliza kwa nini alijibu vile, aliniambia nimshikie bisibisi.

Basi likizo ya Desemba mwaka huohuo tukashika njia ya Houston, saa nne na zaidi garini, kwenda harusi ya binamu yangu Naila. Mamkubwa Zuhura, mama yake Naila na dada yake Mama, ana nyumba kubwa huko Katy, na alikodi ukumbi kwa ajili ya kupamba. Kupamba ni sherehe ya wanawake watupu. Simu zinakusanywa mlangoni, buibui zinavuliwa, na mwanamume hakanyagi, hata awe babu wa bibi harusi. Wanaume wengine walikwenda kunywa kahawa, lakini Babu, kwa magoti yake, alibaki ndani ya gari letu kando ya ukuta wa ukumbi. Jua la alasiri lilikuwa halina joto lolote.

Naila alipotolewa na kuketishwa kitini, amependeza ajabu, mwimbaji akashika kipaza sauti na kinanda kikaanza. Niliutambua wimbo wa Babu kwa noti ya kwanza. Nikaruka. Lakini alipofika penyewe, mwanamke yule akaimba, "Naila usilale, gita bado lalia." Ndiyo desturi yao, kutia jina la bibi harusi. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, akina mama wakainuka kumtuza. Alipomaliza akasema kwa furaha, "Huu ni wimbo wa kale, jamani, hauna mwenyewe!"

Damu ilinichemka. Nikamtazama Mamkubwa, binti wa mtunzi, ametuna kifua mbele ya wakwe zake wapya. Alikuwa akipiga makofi.

"Mama, si kweli. It's Babu's!"

"Keti chini," Mama akaninong'oneza. "Usini-embarrass."

Sikuketi. Nilikwenda mbele, na mwimbaji, akidhani nataka kumtakia heri binamu yangu, akaniinamishia kipaza sauti. "It has an owner!" nikapaza. "It's my grandpa's! He's right outside in the van!"

Wengine walicheka, wengine wakatazamana. Mamkubwa alikuja akitabasamu kwa wageni, huku kucha zake zimezama mkononi mwangu, akanivuta hadi mlangoni.

"Ebo! Wataka wakwe zangu wajue naozesha mjukuu wa mpiga gita wa mahotelini? Babu yako ni haji sasa. Na asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu."

Hayupo! Wamemzuia mlangoni wenyewe, kisha wanamtolea methali! Bibi Rukia, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Kuucheza wimbo na almasi shingoni ni halali, aliyeutunga ni aibu. Niwaambie ukweli, hasira hiyo haijanitoka hadi leo.

Nilimkuta Babu ameteremsha kioo cha gari katika baridi ile, sikio lake limeelekea ukutani.

"Babu, wamesema wimbo hauna mwenyewe!"

Akacheka kidogo. "Waache waseme. Na Rukia, alimtaja? Ukuta umeyameza maneno."

"Hapana. Ametia jina la Naila."

Alipandisha kioo, akageuza uso upande wa pili. Nikamkasirikia na yeye pia, kwa nini hashuki akagonga ule mlango.

Alifariki mwaka wa korona, tukamzika watu wachache tumesimama mbalimbali. Siku ile, jikoni, Mama alinieleza nilichokuwa sijakijua. Baba yake Bibi aliapa kutomwoza binti yake mpiga gita. Babu akakubali asipige tena mbele za watu, wala asiwaambie kamwe watu wa nje kwamba wimbo ni wake. Lakini mzee alipotaka jina la Rukia nalo litolewe, Babu alikataa katakata. Langu lichukueni, alimwambia, la Rukia halitoki. Mzee akasalimu amri. Miaka yote ile, kila redio ilipouimba, Babu alihesabu kwamba ameshinda.

Kisha wakaja kulitoa wenyewe, mahali ambapo hakuruhusiwa kuingia kulitetea, na aliyepiga makofi ni binti wa Rukia mwenyewe.

Siku hizi nahudhuria kila kupamba ninayoalikwa, Katy, DeSoto, popote. Wimbo ukipigwa, mwimbaji akifika pale na kutia jina la bibi harusi, mimi napaza kutoka mezani kwangu, "Rukia!" Watu hugeuka. Mamkubwa hunitolea macho. Mara ya mwisho nilisikia sauti ya pili ikiitikia pamoja nami, na nilipotazama pembeni alikuwa Mama, amesimama.