Trei ya vizibo vya baba

Leo nimemliza mama mbele ya jumuiya nzima, na sababu ni trei ya chai.

Baba alikuwa sakristani hapa Mnero mpaka alipofariki mwaka jana. Kila chupa ya divai ya misa ikiisha, kizibo chake cha gome la mti alirudi nacho nyumbani. Vya nini, hakuwahi kusema. Kopo alilovihifadhia likajaa.

Nimekuja likizo kutoka Ruangwa, nikaona nimfanyie mama kitu.
Nikavikata vizibo katikati, nikavibandika kwa gundi kwenye trei yake ya mbao, safu kwa safu. Vanishi sikupata, nikaacha hivyo hivyo.
Mama sikumuuliza. Nilitaka ashtukie tu, si mnajua.

Leo jumuiya imesali kwetu. Nikapanga vikombe vya chai ya moto, nikapeleka sebuleni.
Wageni wakasifia.
Mama akasogea bila tabasamu.
Akavitoa vikombe kimoja kimoja, akaishika trei kwa mikono miwili.
Hapo nyie mngefanyaje? Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama nisamehe, ningekuuliza kwanza."

Akainama, akainusa. Joto la vikombe lilikuwa limeamsha harufu ya divai.

"Hivi ndivyo alivyokuwa ananukia Jumapili," akasema, machozi yanamtoka.

Mwenyekiti wa jumuiya akaanzisha Salamu Maria. Tukaitikia taratibu.

Wageni walipoondoka nikakusanya vyombo. Nikanyoosha mkono nichukue na trei.

"Hiyo usiioshe," mama akasema.