Nambari Iliyoandikwa Kwenye Karto

Mwanangu, siku nyingi zimeanza kunipotea kichwani, lakini iko moja ambayo haijakubali kuondoka. Nilikuwa bado na nguvu za kubeba mashini mikononi kutoka barabarani hadi nyumbani, na siku hiyo niliua kompyuta mpya kwa mikono hiyo hiyo.

Nakueleza haya kwa sababu Jumapili, baada ya misa, ulinionyesha kompyuta yako mpya ukilalamika kwamba karte ya grafiki, kile kipande kinachochora picha kwenye kioo cha ekra, haikimbii kama karto yake, yaani boksi lake, inavyosema. Ulisema muuzaji amekudanganya. Nilikuwa nimechoka, na habari yenyewe siwezi kuieleza nikiwa nimesimama. Leo nimeketi, basi sikiliza.

Wakati ule nilikuwa natengeneza video za arusi na za matanga, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Rwambuzi. Miaka yote nilikuwa nimetumia mashini kuukuu, zile unazozima jioni ukimwomba Mungu ziwake tena kesho. Kisha binamu yangu akaniletea mpya kutoka Uganda. Ilivuka ziwa hadi bandari ya Kasenyi, ikapanda ile barabara ya mlima ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Kwenye karto ya karte ya grafiki kulikuwa na nambari kubwa ya megahezi, yaani mwendo wake. Niliipenda ile nambari kupita kiasi. Mteja akija nilimwonyesha karto kwanza, kiti baadaye.

Matatizo yalianza na vumbi. Unaijua barabara yetu wakati wa kiangazi, pikipiki zikipita moja baada ya nyingine. Niliionea mashini yangu huruma, nikamwita seremala akanitengenezea kabati lenye mlango, nikaifungia humo kama sahani za wageni. Halafu makelele ya ventilo zake, yaani feni, yakawa yananisumbua nikirekodi sauti, nikazipunguza kasi. Yote hayo niliyafanya kwa kuipenda, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Haikupita muda, nikaona kwenye programu ndogo inayoonyesha mwendo kwamba nikianza kazi nambari inapanda vizuri, halafu baada ya dakika chache inashuka, inazidi kushuka, mpaka chini kabisa ya ile ya kwenye karto. Pembeni yake kulikuwa na nambari ya pili, ya joto. Hiyo ilikuwa inapanda tu. Sikuijali. Niliona karte ni mvivu tu. Muuza vipuri mmoja wa sokoni alikuwa amenieleza jinsi mtu anavyoweza kuusukuma mwendo juu kwa lazima, nami nikausukuma.

Wiki hiyo alikuja Papa Faustin, mwalimu aliyekimbia vita Djugu na watoto wake wanne, wakawa wanaishi kwa shemeji yake karibu na kwetu. Mke wake alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Katika vitu vyote walivyoacha nyuma, yeye alitoka na kadi ndogo ya kamera ndani ya mfuko wa shati. Humo mke wake anaonekana akiimba na koro, kwaya ya parokia, amesimama mstari wa pili, na katikati ya wimbo anaimba peke yake. Picha nyingine yake hawakuwa nayo. Alitaka niisafishe sauti na kuipanga vizuri, familia iitazame Jumamosi, siku ya kutoa matanga, yaani kufunga msiba.

Niliiingiza kwenye mashini. Kisha, mwanangu, nikaifuta ile kadi. Nilikuwa na arusi ya kwenda kupiga picha kesho yake na kadi yangu ilikuwa imejaa. Nilijiambia kwamba kilichomo ndani ya mashini mpya kama ile hakiwezi kupotea.

Siku ya tatu, saa saba mchana, nikiwa namalizia kazi yake, ekra ikajaa vidoa vya kijani na vya zambarau. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Halafu giza. Nilifungua kabati, joto likanipiga usoni kama nimefunua chungu.

Nilimwendea Muzee Anselme, jirani yetu, aliyekuwa akitengeneza frigo za wachuuzi wa samaki. Kompyuta hakuwa anazijua sana, lakini mambo ya joto aliyajua tangu kabla sijazaliwa. Alikuja polepole, akapiga magoti mbele ya kabati, akapitisha mkono nyuma ya mashini.

"Hapa njo hewa inatokea," alisema. "Inaenda wapi?"

Nikajibu kwamba inaenda nje.

"Nje wapi, na mulango ulifunga?"

Nikaanza kumweleza jinsi karte ilivyokuwa mvivu, jinsi mwendo wake ulivyokuwa ukishuka, jinsi nilivyolazimika kuusukuma. Aliniacha nimalize. Kisha akasema maneno ambayo bado ninayasikia kwa sauti yake.

"Ventilo haitengenezi baridi, mama. Inabeba tu moto, inaupeleka fasi ingine. Kama hakuna fasi, inauzungusha mulemule. Haikukuwa uvivu. Ilikuwa inakuomba hewa. Weye ukafungia mutu wa homa mu nyumba bila dirisha, kisha ukamulazimisha akimbie."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Karte ilikuwa imekufa. Na diski, ile inayohifadhi kila kitu, ilikuwa imefungwa chini yake tu, nayo ilikuwa imeiva pamoja nayo. Tuliitoa, tukaiunganisha na mojawapo ya zile mashini zangu kuukuu, tukaiweka dirishani mbele ya ventilo ya kusimama. Ilisoma kidogo, ikapata moto, ikaanza kugonga ndani. Tukazima, tukangoja ipoe, tukaanza tena. Siku mbili nzima tulifanya hivyo, mzee na mimi. Tulipata mwanzo wa ule wimbo. Kabla ya mahali mke wa Papa Faustin anapoanza kuimba peke yake, diski ikanyamaza, na haikusoma tena.

Nilikwenda kumweleza Papa Faustin mwenyewe. Nilimwambia yote, na ile kadi niliyoifuta pia.

"Sura yake inaonekana?" aliuliza.

Nikasema inaonekana.

"Basi Jumamosi ukae karibu na mashini. Ukiona inakaribia kukatika, uizime weye. Sitaki batoto baone mama yao anakatika."

Jumamosi nilisimama pale mbele ya watu wote, kidole juu ya kibonyezo. Mama yao akaonekana, akatabasamu kwa mtu fulani aliye pembeni, akafungua mdomo na wenzake. Nikazima. Binti mdogo aliuliza kama imeisha, baba yake akamwambia ndiyo, imeisha. Baadaye Papa Faustin alikuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote, na tulisali kanisa moja kwa miaka. Mwanangu, shukrani ile ilinichosha kuliko lawama yoyote.

Basi rudi kwenye kompyuta yako. Nambari ya kwenye karto si ahadi ya kila saa. Ni mahali karte inapoweza kufika ikiwa hewa ni nzuri na umeme unatosha. Inapanda yenyewe na kushuka yenyewe, na ikishuka inajikinga; muuzaji hajakuibia kitu. Ukitazama mwendo, tazama na joto palepale, maana moja bila nyingine haikuambii kitu. Usiibane ukutani. Iache hewa iingie mbele na kutokea nyuma, na vumbi ulipanguse kwa brashi laini, mashini ikiwa imezimwa. Makelele ya ventilo uyavumilie, ndiyo kazi yake. Kuusukuma mwendo juu, achana nako kwanza. Na kitu ambacho mtu amekukabidhi, usikiweke mahali pamoja tu, hata kama mahali hapo ni papya na panang'aa. Hilo la mwisho nalisema taratibu, kwa sababu lilinigharimu kuliko karte.

Sasa nenda, nami nipumzike. Mungu akupe macho ya kuona kinachochoka kabla hakijavunjika, iwe mashini, iwe mtu. Akulinde njiani na nyumbani, na kazi ya mikono yako iwafikie wenyewe ikiwa nzima.